Siku za Kwanza Ugenini: Mwanafunzi wa Kiafrika Ulaya katika Vitabu Vinne

Katika maisha ya mwanafunzi aendaye kusoma Ulaya, siku za kwanza ni chache kwa hesabu lakini ni nzito kwa uzani. Katika muda wa juma moja au mawili, mtu aliyekuwa na jina, ukoo na mahali pake barazani hugeuka kuwa mgeni asiyejua hata mlango wa kutokea kituoni. Anajua kusoma, lakini hawezi kuisoma njia; anajua kusema, lakini akisema huulizwa tena alivyosema. Jambo zito namna hiyo lingetazamiwa kuwa kiini cha kila kitabu kihusucho masomo ya ng'ambo. Lakini msomaji akivipekua vitabu vilivyo bora katika maandishi ya Afrika juu ya habari hii, atakuta ajabu moja: waandishi wake wakubwa huziruka siku hizo, au huziahirisha, au huzitia katika kinywa cha mtu mwingine. Yafaa kuuliza kwa nini, maana jibu lake lina faida kwa fasihi ya Kiswahili ambayo haijazipa siku hizo nafasi kubwa.

Haiwezekani kusema kwamba Waswahili hawakuandika juu ya Ulaya. Waliandika mapema kuliko wengi. Carl Velten, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alitoa mwaka 1901 kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake Salim bin Abakari amesimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Kabla yake Amur bin Nasur, Mwarabu wa Unguja aliyekwenda Berlin mwaka 1891 kufundisha Kiswahili, alikwisha andika habari za maisha yake katika mji ule. Na mwaka 1932 ilitoka Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, kitabu cha Martin Kayamba, aliyekuwa mmoja wa mashahidi watatu wa Kiafrika kutoka Tanganyika waliokwenda London mwaka 1931 mbele ya kamati ya Bunge iliyochungua shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Maandishi haya yana thamani kubwa. Kiswahili chake ni safi, na jicho la waandishi ni kali.

Hata hivyo, maandishi hayo ni habari, nayo habari ina kanuni zake. Mwenye kutoa habari hutaja alichokiona, hukilinganisha na cha kwao, kisha husonga mbele. Jina la kitabu cha Kayamba linaitangaza kanuni hiyo waziwazi: kuona na kutenda. Halimo neno la tatu, nalo ni neno la kupatwa. Mtoa habari huona ajabu, lakini ajabu haimli. Anayo nauli ya kurudi, anayo kazi iliyompeleka, na anajua mwezi atakaporejea. Mwanafunzi hayuko hivyo. Yeye hapelekwi kuona; hupelekwa ili abadilike. Wazee wake wameuza ng'ombe au wameandika barua kwa serikali kwa makusudi kwamba kijana aondokaye asiwe ndiye kijana atakayerudi. Kwa hiyo siku zake za kwanza si mwanzo wa matembezi, bali ni mwanzo wa mapatano ambayo hakuyasoma masharti yake yote. Mtu akizieleza siku hizo kwa kanuni ya habari, atayataja majumba, magari na theluji, na jambo lenyewe litampita.

Kutoka hapo yafaa kumtazama Camara Laye wa Guinea. Kitabu chake cha kwanza, L'Enfant noir, kilichotoka mwaka 1953, kinasimulia utoto katika mji wa Kouroussa, karakana ya baba mhunzi na mfua dhahabu, mavuno, jando, na shule ya ufundi mjini Conakry. Mwishoni kijana amefuzu na amepewa nafasi ya kusoma Argenteuil, karibu na Paris. Mama yake anapinga kwa uchungu, naye anaondoka. Kitabu kinakoma ndani ya ndege, kijana akiupapasa mfukoni mwake mchoro wa njia za reli ya chini ya ardhi ya Paris, aliopewa na mkuu wa shule yake.

Mchoro huo ni karatasi ndogo, lakini umebeba kitabu kizima. Kwa kurasa nyingi msomaji amefundishwa kwamba huko Kouroussa maarifa hupatikana kwa kukaa karibu na mtu: mtoto humtazama baba mbele ya moto, husikia maneno ya siri yasemwayo dhahabu inapoyeyuka, na hujua kuwa yako mengine ambayo hataambiwa mpaka akue. Sasa mtoto yuleyule amepewa maarifa ya kukunjwa na kutiwa mfukoni, ambayo humfaa kila mtu sawasawa na hayamjui yeyote. Mwandishi halisemi hili. Anauweka mchoro chini ya kiganja cha kijana, kisha ananyamaza. Ni tendo la busara, kwa kuwa siku za kwanza za Paris, ambazo hazimo kitabuni, zimekwisha ingia katika karatasi ile.

Kitabu hiki kilishutumiwa sana. Alexandre Biyidi wa Kameruni, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mongo Beti, aliandika katika jarida la Présence Africaine kwamba Laye ameipaka Afrika rangi ya waridi na kuuficha ukoloni. Shutuma hiyo haikosi ukweli, maana Mfaransa haonekani kitabuni ila kwa mbali, na msomaji hajulishwi kodi wala kazi za shuruti. Lakini mshutumu hakuupa ule mchoro uzito wake. Mtu asiyeyaona madhara ya utawala wa kigeni hawezi kukimaliza kitabu cha utoto kwa karatasi ya namna hiyo mkononi. Kosa la Laye, kama ni kosa, ni kwamba alisimama mlangoni asiingie.

Aliingia baadaye, baada ya miaka 13. Katika Dramouss, riwaya iliyotoka mwaka 1966, kijana aitwaye Fatoman anarudi Guinea baada ya miaka 6 Ufaransa. Usiku, mjini Conakry, anamsimulia mkewe Mimie mambo yaliyompata: kufika kwake, masomo ya Argenteuil, jinsi fedha za masomo zilivyokatika alipotaka kuendelea, njaa mjini Paris, mama mmoja wa Kifaransa aliyemlisha, na kazi ya kiwandani. Msomaji angalie mpangilio huu. Siku za kwanza hazisimuliwi zinapotukia. Zinasimuliwa baada ya kurudi, gizani, kwa mtu mmoja tu, naye ni mtu mwenye haki ya kuuliza, “Ulikuwa wapi?” Fatoman hatoi habari, anatoa hesabu yake. Hapo ndipo penye nguvu ya sehemu hiyo, maana njaa aliyoificha katika barua sasa inatajwa mbele ya mtu ambaye angalifaa kujua zamani.

Haina budi kusemwa pia kwamba Dramouss si kitabu kilichokamilika kama cha kwanza. Masimulizi ya Paris hayakufungamana vema na ndoto ya kutisha ya gereza na siasa za Guinea inayoyafuata, na mara nyingine Fatoman huhubiri pale ambapo angalipaswa kukumbuka. Lakini hata katika upungufu huo liko fundisho. Ilimchukua mwandishi miaka mingi kupata sikio la kuliambia, na alipolipata, halikuwa sikio la umati bali la mke.

Cheikh Hamidou Kane wa Senegal alichukua njia nyingine, iliyo ya ujasiri zaidi. L'Aventure ambiguë, riwaya yake iliyotoka mwaka 1961, ni kisa cha Samba Diallo, mtoto wa ukoo mtukufu wa Wadiallobé. Mtoto huyu analelewa chuoni kwa mwalimu Thierno, ambako neno moja la Kurani likikosewa adhabu yake ni maumivu ya mwili. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa chuo ni nini, wala jinsi kisomo kinavyokaa kifuani mwa mtoto kabla hajaijua maana yake. Baadaye Bibi Mkuu wa ukoo, yule Grande Royale, anaamua kwamba watoto wapelekwe shule ya wageni. Hoja yake ni ya mkulima: shamba huchomwa na kulimwa, na mbegu iliyo bora ndiyo hufukiwa ardhini. Anajua kwamba mbegu ikifukiwa hufa, na bado anasema ifukiwe. Ndipo Samba Diallo anapoishia Paris kusoma falsafa.

Sehemu ya kwanza ya riwaya inakwisha kijana akiwa bado Afrika. Sehemu ya pili inapofunguka, amekwisha kuwa Paris, tena sebuleni kwa wazazi wa Lucienne, mwanafunzi mwenzake, akizungumza kwa utulivu na baba mtu, aliye mchungaji wa kanisa, juu ya elimu na imani. Kufika kwake hakumo. Hakuna kituo, hakuna baridi, hakuna usiku wa kwanza. Msomaji mwepesi atadhani mwandishi aliyaona hayo kuwa madogo, na wako wanaoilaumu riwaya hii kwamba ni mazungumzo ya wenye akili tu, watu wasio na njaa wala viatu. Lakini siku za kwanza zimo. Zimetangulia, nazo amepewa Mwendawazimu.

Mwendawazimu huyu ni mtu wa nchi ya Wadiallobé aliyepata kukaa kwa wazungu akarudi, na sasa anatembea amevaa koti kuukuu la kizungu juu ya kanzu yake. Watu hawamsadiki. Siku moja anamweleza mwalimu Thierno jinsi alivyofika katika mji wa ugenini: sauti ya viatu juu ya sakafu ngumu, sakafu isiyokoma, hata akaona kwamba popote atazamapo ardhi imefunikwa ganda la mawe na hakuna mguu ulio wazi uigusao. Kisha miguu yake mwenyewe ikaishiwa nguvu mbele ya umati. Hakuna katika maelezo hayo tarakimu hata moja, wala jengo lililotajwa kwa jina. Kuna nyayo na mawe tu. Mtoa habari angaliandika kwamba barabara za Ulaya zimesakafiwa vizuri. Mwendawazimu anasema jambo lilelile, na msomaji anasisimka mwili.

Basi Kane amefanya nini? Amekigawa kisa cha mtu mmoja katika watu wawili. Mwendawazimu amepewa mwili wa safari, Samba Diallo amepewa akili yake. Mmoja alianguka siku ya kwanza, akarudi akiwa kichaa, lakini imani yake haikutikisika. Mwingine hakuanguka mbele ya mtu yeyote, akaendelea na masomo, akapendwa katika nyumba za watu, na kidogo kidogo sala ikamtoka. Anapotembea peke yake katika barabara ya Saint-Michel, akihisi kwamba njia zile zimejaa vitu lakini hazina watu, anasema kwa maneno ya falsafa jambo ambalo Mwendawazimu alikwisha lisema kwa miguu. Amechelewa kulijua. Na mwisho, aliporudishwa kwao kwa barua ya baba yake, wawili hao wanakutana kwenye kaburi la mwalimu. Mwendawazimu anamtaka asali, Samba hasali, naye anauawa. Wasomaji wengi wamekiona kifo hicho kuwa cha ghafula mno. Lakini akikumbuka kwamba wawili hao ni nusu mbili za msafiri mmoja, msomaji ataona ni hesabu iliyokuwa ikingoja tangu siku ya kwanza: nusu iliyopatwa na ugeni na kulia inaidai ile iliyopatwa nao na kunyamaza.

Mpaka hapa ingeonekana kwamba siku za kwanza haziwezi kusimuliwa ila kwa mzunguko. Ama Ata Aidoo wa Ghana anaipinga kauli hiyo. Katika Our Sister Killjoy, kitabu kilichotoka mwaka 1977, msichana aitwaye Sissie anakwenda Ujerumani pamoja na vijana wa mataifa mengine kufanya kazi ya kujitolea, kisha anapitia London. Mapema katika safari, kwenye kituo cha reli cha Frankfurt, anamsikia mama mmoja akimwambia mtoto wake kwamba yule ni msichana mweusi. Sissie anatazama huku na huku, na ghafula anawaona watu wote walioko pale kwa rangi ya ngozi yao, nayo inamtia kinyaa. Baadaye ataona haya kwa kinyaa hicho, lakini mwandishi hakifuti.

Ujasiri wa Aidoo uko hapo. Kayamba na Salim bin Abakari waliiona Ulaya. Sissie anaonwa na Ulaya, na anaonwa kabla hajapata nafasi ya kuona. Halafu macho aliyotazamwa kwayo yanakuwa macho yake, naye anajikuta akiwapima wengine kwa kipimo alichopimiwa. Hilo ndilo badiliko la kwanza katika mwanafunzi, nalo hutokea kabla ya somo la kwanza. Lakini ni kweli pia kwamba Aidoo hakuweza kulisema kwa nathari tupu. Kitabu chake hukatika kila mara kikawa mashairi, kisha kikawa dhihaka, na sehemu yake ya mwisho ni barua. Anasimulia moja kwa moja, ila si kwa kanuni ya habari. Nathari ya mwendo mmoja, itembeayo kutoka kituo hata kituo, haikutosha kubeba mambo yanayotokea mara mbili: mara nje ya mtu na mara ndani yake.

Sasa yafaa kurudi kwenye Kiswahili. Watu wa nchi hizi hawakukosa safari za masomo. Kabla ya mwaka 1961, ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kwa somo la sheria, Mtanganyika aliyetaka shahada hakuwa na budi kuvuka mpaka au bahari. Julius Nyerere alisoma Makerere, kisha akawa Edinburgh toka 1949 hata 1952. Baada yake vijana wengi walikwenda London, Moscow, Prague na Berlin. Kila mmoja alikuwa na usiku wa kwanza. Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani, kilichotoka mwaka 2013, amemwandika kijana wa Unguja aliyeondoka kwao kutafuta masomo ng'ambo, na jina lenyewe la kitabu linaonyesha kwamba kipimo cha safari ni nyumbani. Lakini kwa jumla ya watu waliosafiri, maandishi ni machache.

Huenda sababu moja ni barua. Mwanafunzi wa ugenini alikuwa mwandishi kabla ya kuwa msomi, maana kila wiki au mwezi aliwaandikia wazazi wake. Na barua ya mwana kwa wazazi ina adabu zake: huanza kwa salamu, hutaja afya, humshukuru Mungu, na huomba dua. Haisemi njaa, maana mzazi atauza shamba. Haisemi upweke, maana mama hatalala. Barua hizo hazikuwa za uongo. Zilikuwa tendo la huruma. Lakini mwandishi aliyejizoeza miaka minne kuificha siku ya kwanza, akija kuandika kitabu, mkono wake hurudi katika adabu ileile. Kanuni ya habari na adabu ya barua zinakutana, na yote mawili yanasema: taja mazuri, taja makubwa, usijitaje wewe.

Iko sababu ya pili, nayo ni ya lugha. Laye na Kane waliandika Kifaransa, Aidoo Kiingereza. Waliziandika siku za ugeni kwa lugha ya mwenyeji, na kwa hiyo kila neno la malalamiko lilikuwa pia hati ya kufuzu. Mwandishi wa Kiswahili ana nafasi wasiyokuwa nayo: anaweza kuwatolea hesabu watu wa kwao kwa lugha ya kwao. Lakini yafaa nafasi hiyo isitukuzwe kupita kiasi. Salim bin Abakari naye aliandika Kiswahili, ila masimulizi yake yalikusanywa na Velten, na msomaji wake wa kwanza alikuwa Mjerumani ajifunzaye lugha. Alisema lugha ya nyumbani katika sikio la ugenini, na huenda ndiyo maana alitaja theluji kuliko moyo wake. Basi si lugha peke yake iamuayo. Ni nani anayesikiliza. Fatoman alimpata Mimie, Mwendawazimu alimpata Thierno. Hakuna kati yao aliyesema mpaka alipompata wa kumwambia.

Waswahili husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kumkumbusha msafiri nyumbani kwao. Yaweza pia kuwa kanuni ya uandishi. Siku za kwanza za mwanafunzi ugenini hazijakamilika mpaka zirudi katika ngama, yaani zisemwe mahali zilipofichwa, mbele ya watu waliofichwa. Vitabu vilivyotazamwa hapa vinaonyesha kwamba jambo hilo huchukua miaka, kwamba huvunja umbo la nathari, na kwamba pengine humhitaji mwendawazimu. Havionyeshi kwamba haliwezekani. Mwandishi wa Kiswahili atakayeliandika hatakosa habari za majumba na treni. Nyingi zimekwisha andikwa, tena vizuri. Litakalomlazimu ni kuandika yale ambayo barua ya kwanza kwa mama haikuyasema.